Mary Ingles na Mwenzake wa Ng'ambo ya Mto

Kuna tukio moja katika simulizi la Mary Draper Ingles ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka, ingawa kwa maoni yangu simulizi zima linalitegemea. Ni mwishoni mwa mwaka 1755, baridi imekwisha kuingia katika milima ya Appalachia, mashariki mwa Amerika ya Kaskazini, na wanawake wawili waliotoroka pamoja kutoka mikononi mwa Washawnee, kabila mojawapo la wenyeji wa Amerika, wamesimama kila mmoja upande wake wa mto uitwao New River. Siku chache nyuma walikuwa wakigawana mizizi na kulala wamebanana ili wasife kwa baridi. Sasa mmoja anamwita mwenzake kwa sauti, anatubu, anamsihi avuke waendelee pamoja. Na Mary, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alimponyoka mwanamke huyohuyo alipotaka kumuua apate nyama ya kula, anakataa. Anaona ni salama zaidi mto ukae kati yao, na anaendelea kupanda kwa ukingo wake, peke yake, kuelekea nyumbani.

Mary Ingles ni mtu mashuhuri katika majimbo ya Virginia, West Virginia, Kentucky na Ohio. Amechongewa sanamu na ametungiwa riwaya, na watoto wa shule hufundishwa habari zake. Karibu kila mara anasimuliwa kama mwanamke aliyetembea: takriban siku 40 porini bila chakula cha maana wala nguo za kutosha, umbali ambao makadirio ya kawaida huuweka kati ya kilomita 800 na 1,000, kutoka magharibi ya mbali hadi mlangoni mwa jirani yake. Sina sababu ya kuushuku uhodari huo. Hoja yangu ni kwamba safari ile imependwa mno kwa sababu inaishia nyumbani, na kwa kupendwa huko imewafunika watu ambao safari zao hazikuishia nyumbani, au ambao nyumba yao ilikuwa kwingine. Mary aliokoka kwa kuacha. Tusipotazama alichokiacha hatutaelewa gharama ya kuokoka kwake, wala sababu ya taifa lililozaliwa baadaye kuupokea upande mmoja tu wa habari hii.

Tuanze na mahali penyewe, kwa maana bila kuelewa ardhi mtu hawezi kuelewa kisa. Draper's Meadow lilikuwa kundi dogo la nyumba za magogo mahali ulipo leo mji wa Blacksburg, magharibi ya safu ya Blue Ridge. Mary alizaliwa Philadelphia mwaka 1732 kwa wazazi waliohamia kutoka Ireland, familia ikasogea Virginia, na mwaka 1750 akaolewa na William Ingles. Kwa desturi walowezi hawa huelezwa kama watu maskini waliojitafutia konde msituni, na kwa sehemu ni kweli. Lakini nyuma yao alisimama Kanali James Patton, ambaye mwaka 1745 serikali ya koloni la Virginia ilimgawia ekari 100,000 katika bonde la mto huo kwa masharti kwamba alete familia za kukaa humo. Kila nyumba ya magogo iliyosimama ilikuwa pia ushahidi wa kutimiza masharti, na kila familia ilikuwa nguzo ya mpaka wa mtu mwingine. Washawnee, ambao walikuwa wakiwinda na kupita katika mabonde hayo, waliliona jambo hilo vizuri zaidi kuliko walivyoliona akina Ingles wenyewe.

Washawnee walikuwa pia na deni lao la mateka, jambo ambalo masimulizi ya familia hayalitaji hata kwa neno moja. Mwaka 1753 wapiganaji wao sita, waliokuwa safarini kupigana na adui zao wa kusini, walikamatwa na kufungwa na wakoloni wa South Carolina, na kiongozi wao aliyeitwa Itawachcomequa akafia kifungoni. Kwa watu ambao waliishi miaka mingi wakijitahidi kusimama kati ya Waingereza na Wafaransa bila kumezwa na upande wowote, kifo kile kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma kwenda vitani. Tarehe 9 Julai 1755 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Braddock likavunjwavunjwa karibu na mto Monongahela na Wafaransa pamoja na washirika wao wa Kihindi (natumia jina hilo la zamani kwa kuwa ndilo lililokuwa katika vinywa vya watu wa wakati ule), na mpaka wote wa Virginia ukabaki wazi. Shambulio la Draper's Meadow lilitokea mwezi huohuo. Vyanzo vinatofautiana kama ni tarehe 8 au tarehe 30, tofauti ambayo si ndogo, kwa sababu ile ya kwanza ingelifanya shambulio hilo litangulie kushindwa kwa Braddock, na ile ya pili ingelifanya kuwa matunda yake.

Siku hiyo wanaume walikuwa mashambani kwa mavuno. Mama yake Mary, Eleanor Draper, aliuawa, na vivyo hivyo Kanali Patton. Wifi yake Mary, Bettie Draper, alipigwa risasi iliyomvunja mkono, na mtoto wake mchanga akauawa. Mary alichukuliwa pamoja na Bettie na wanawe wawili, Thomas wa miaka minne na George wa miaka miwili. William aliona moshi, akakimbilia nyumbani, akatambua kwamba hawezi kupigana peke yake na kundi zima, akajificha.

Njia waliyopitishwa mateka ndiyo iliyokuja kuwa ramani ya kutorokea. New River ni mto wa ajabu kwa mtu aliyezoea kudhani kwamba mito yote ya upande ule wa Amerika hukimbilia mashariki baharini: unaikata milima na kuelekea kaskazini-magharibi, unaungana na mwingine na kuitwa Kanawha, kisha unamwaga maji yake katika mto mkubwa wa Ohio. Mary hakuwa na dira wala hakuijua nchi ile. Alichokuwa nacho ni macho na kumbukumbu, na alikuwa akihesabu vijito vinavyoingia upande huu na upande ule kadiri walivyoteremka. Hapa nalisifu simulizi la familia, kwa kuwa linakiri jambo ambalo wapenda mashujaa hulisahau: kwamba maandalizi ya kutoroka yalianza siku ya kwanza ya kutekwa, kimya kimya, katika kichwa cha mwanamke aliyekuwa akibembeleza watoto wawili juu ya farasi.

Walifikishwa Lower Shawneetown, pale mto Scioto unapoingia Ohio. Msomaji asidhani kwamba palikuwa kambi ya mahema. Christopher Gist, mpima ardhi aliyepita hapo mwanzoni mwa mwaka 1751, alihesabu nyumba kama 100 upande wa kaskazini wa Ohio na 40 upande wa kusini, wanaume wapatao 300, na ukumbi wa baraza wenye urefu wa futi 90 hivi. Ulikuwa mji wa biashara, wenye wachuuzi wa Kiingereza hapo awali na wa Kifaransa wakati wa vita. Bettie, ingawa mkono wake ulikuwa umevunjika, alilazimishwa kupita kati ya safu mbili za watu wenye fimbo wakimchapa, desturi waliyotumia kuwapokea mateka; Mary alisamehewa. Kisha mateka wakagawanywa. George alichukuliwa na hakuonekana tena, na inaelezwa kwamba alifariki muda si mrefu baadaye. Thomas akapelekwa kwa familia nyingine. Bettie akachukuliwa na mzee mmoja aliyekuwa amefiwa na binti yake.

Neno "kuchukuliwa" hapa linahitaji kutuliwa. Washawnee, kama jamaa zao wengi wa misitu ya mashariki, walikuwa wakiwateka watu kwa sababu zaidi ya moja: wengine wauawe kwa kisasi, wengine wauzwe kwa Wafaransa au wakombolewe na ndugu zao, na wengine wajaze nafasi za waliofariki. Mtoto aliyeingizwa katika familia kwa namna hiyo alipewa jina, mama, wajomba na madai yote ya undugu, wala hakuwa mtumishi wa nyumba. Katika Kiswahili tunalo neno moja tu, mateka, na halitoshi kubeba hali hizo zote; Thomas alikuwa mateka kwa mwezi mmoja, kisha akawa mtoto wa watu.

Mary mwenyewe alijipatia nafasi kwa sindano. Wachuuzi wa Kifaransa walikuwa na vitambaa vya mirabaraba, naye alijua kushona mashati. Simulizi linaeleza kwamba kila shati lilipokamilika mtu alilitundika kwenye mti na kukimbia nalo mjini akimsifia mshonaji. Ni picha ya kupendeza, na inawezekana imetiwa chumvi kidogo na wajukuu. Nayo chumvi yenyewe ndiyo iliyomtoa mjini. Walimpeleka zaidi ya kilomita 200 kuelekea magharibi, hadi Big Bone Lick katika Kentucky ya leo, chemchemi ya maji ya chumvi ambayo ardhi yake ilijaa mifupa ya ndovu wa kale; maofisa wa Kifaransa walikwisha kuokota baadhi ya mifupa hiyo tangu mwaka 1739, ikapelekwa Paris. Kazi ilikuwa kuchemsha maji mpaka yakauke na kubakiza chumvi, kazi ya moshi, kuni na ndoo zisizokwisha. Huko ndiko alikokutana na yule mwenzake.

Ninamwita "mwenzake" kwa sababu hana jina. Katika maandishi ya kwanza ya familia anatajwa kuwa "mwanamke mzee Mholanzi", na kwa desturi ya Kiingereza cha wakati ule huenda maana yake ilikuwa Mjerumani, mmoja wa maelfu waliohamia Pennsylvania. Watunzi wa riwaya za karne ya 20 walimbunia jina, na leo wako watu wanaolitaja jina hilo kana kwamba limetoka kwenye rejista ya kanisa. Ukweli ni kwamba mwanamke aliyetembea karibu njia yote aliyoitembea Mary, akiwa mzee kuliko yeye, ameingia katika historia kama sifa mbili tu: umri na lugha.

Walipanga kutoroka mwezi Oktoba. Walijifanya wanakwenda kuokota matunda ya porini, kila mmoja akiwa na blanketi na kishoka, wakaondoka bila kurudi. Hawakujua kuogelea, au walau hawakuthubutu katika mito ile yenye maji ya baridi, na hilo ndilo lililoirefusha safari kupita kiasi: kila walipofika mahali mto mwingine unapoingia Ohio, iliwabidi waupande mto huo kwa siku nzima au zaidi mpaka wapate pa kuvukia kwa miguu, kisha warudi wateremke upande wa pili hadi Ohio. Karibu na Lower Shawneetown, upande wa pili wa mto, walikuta kibanda chenye mahindi na farasi mzee mwenye kengele shingoni. Walimchukua farasi, wakaiziba kengele, wakala mahindi. Mto Big Sandy ukawapokonya farasi alipokwama kwenye rundo la magogo waliyojaribu kumvushia. Baada ya hapo ilikuwa kokwa, zabibu za mwituni, mizizi wasiyoijua, na mara moja kichwa cha paa walichokikuta.

Njaa ya namna hiyo hubadilisha watu. Yule mwanamke mzee alianza kumlaumu Mary kwa kumtoa kwenye chakula, akamtishia, kisha akajaribu kumuua. Mary, aliyekuwa na umri wa miaka 23 na nguvu kidogo zaidi, akaponyoka, akajificha chini ya ukingo, akakuta mtumbwi uliojaa majani, akavuka. Ndipo likafuata tukio lile nililoanza nalo.

Ninakubali kwamba uamuzi wake wa kutorudi ulikuwa wa busara. Ninachokipinga ni namna uamuzi huo ulivyosimuliwa, kwani tangu hapo mwanamke mzee anageuka kuwa zimwi la hadithi, kana kwamba njaa ilimpata yeye peke yake na kana kwamba hakuwa yeye aliyekubali kuhatarisha maisha pamoja na kijana asiyekuwa ndugu yake. Mary mwenyewe hakumwona hivyo. Jirani yake Adam Harman alipomkuta karibu na konde lake la mahindi, akamtambua kwa sauti kabla ya kumtambua kwa sura, akamlisha kidogo kidogo na kuiosha miguu yake iliyovimba, jambo ambalo Mary aliendelea kuliomba lilikuwa watu waende wakamtafute yule mzee. Walikwenda. Walimkuta hai, alikuwa amefika kwenye kibanda cha wawindaji chenye chakula, akapata na farasi wa kupanda. Baadaye akapata nafasi katika msafara wa kurudi upande wa Pennsylvania, na hapo anatoweka kabisa. Ukombozi wake ulikuwa kamili kama wa Mary, na hakuna aliyeuandika.

Swali la nani aliandika ndilo linalonisumbua zaidi kila ninapokirudia kisa hiki. Mary hakuacha maandishi. Masimulizi ya kwanza yenye urefu wa kutosha yaliandikwa na mwanawe John Ingles katika miaka ya 1820, naye alizaliwa mwaka 1766, miaka 11 baada ya mambo hayo kutokea. Kitukuu wake, John P. Hale, akachapisha masimulizi marefu na ya kuvutia zaidi mwaka 1886. Kwa hiyo tunachokisoma ni kumbukumbu ya mwanamke iliyopita katika masikio ya mwanawe, kisha katika kalamu ya kitukuu aliyeishi katika zama zilizopenda sana wanawake wa aina fulani: jasiri, wavumilivu, wenye kujitoa, na wasioonja doa la aibu.

Tazama habari ya mtoto mchanga. Hale anadai kwamba Mary alijifungua binti usiku wa tatu baada ya kutekwa, akaendelea na safari kesho yake, na baadaye akamwacha mtoto huyo kwa Washawnee alipotoroka, kwa sababu kilio chake kingewasaliti. John hasemi neno. Wanahistoria wengi wanaegemea upande wa John, wakiona ni vigumu kuamini kwamba mtoto wa kike angeweza kuzaliwa na kupotea bila mama yake kumtaja kwa ndugu zake waliozaliwa baadaye. Mimi pia naegemea huko, ingawa si kwa raha, kwa sababu nafahamu kwamba ukimya wa mama juu ya mtoto aliyemwacha unaweza kuwa ushahidi wa mambo mawili yanayopingana. Linaloonekana wazi ni jinsi vizazi vya wasomaji vilivyomng'ang'ania mtoto huyu anayetiliwa shaka na kumlilia, ilhali watoto wawili ambao hakuna shaka juu yao, Thomas na George, wanapita katika simulizi kwa sentensi moja au mbili. Mary alipoondoka Big Bone Lick aliwaacha wote wawili nyuma yake, na alijua hivyo. Alichagua kurudi kwa mume akitumaini fidia ingewakomboa watoto baadaye, kwa sababu kubaki kusingewaweka karibu naye hata kidogo. Walikuwa tayari wametawanywa. Ilikuwa hesabu ya mtu mwenye akili timamu, na ni ngumu zaidi kuikabili kuliko ile ya kilio cha mtoto mchanga.

William naye hakukaa. Mary alipofika kwa Harman, mumewe na kaka yake John Draper walikuwa wamekwenda kusini kwa Wacherokee kuwaomba wawe wapatanishi wa kuwakomboa mateka. Walikutana naye waliporudi mikono mitupu. Na kwa kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, Mary hakukubali kukaa katika ngome ya Vause walikokimbilia. Alisisitiza wahamie mashariki zaidi ya Blue Ridge. Ngome hiyo ilishambuliwa na kuchomwa mwezi Juni 1756, na shemeji yake akauawa humo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo makala nyingi juu ya Mary Ingles hazipendi kuliweka katika ukurasa mmoja naye. Miongoni mwa walionusurika kwa kutokuwepo siku ile ya Julai alikuwa William Preston, mpwa wa Kanali Patton, aliyekuwa ametumwa kwa jirani. Mwaka 1759 Preston alinunua Waafrika 16 walioletwa na meli ya watumwa iliyoitwa True Blue, na mwaka 1774 akajenga Smithfield, nyumba yake kubwa ya shamba, katika ardhi ileile ya Draper's Meadow. Katika Virginia ya miaka hiyo ya 1750 kulikuwa na zaidi ya Waafrika laki moja, karibu wote wakiwa watumwa. Wengi wao au wazazi wao walitekwa vitani au vijijini, wakatenganishwa na watoto wao, wakapelekwa mbali kwa maji. Wengine walitoroka usiku, wakafuata mito, wakala mizizi. Kwa hao gazeti la Virginia Gazette lilichapa matangazo, yenye maelezo ya makovu na mavazi na kiasi cha zawadi kwa atakayewarudisha. Na sheria ya mwaka 1705 iliruhusu mtoro aliyekwisha kutangazwa auawe na yeyote, kisha mwenye mali afidiwe kwa fedha za umma.

Neno mtoro tunalifahamu vizuri sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa kuwa lilitumika vivyo hivyo: mateka akikimbia tunasema kaokoka, mtumwa akikimbia mwenye shamba husema katoroka, na miguu ni ileile. Sisemi hivi ili kumhukumu Mary, ambaye hakutunga sheria ya 1705. Nasema kwamba koloni lililomwona mwanamke anayetembea siku 40 kuelekea nyumbani kuwa muujiza wa Mungu, lilikuwa na mashine nzima ya sheria na magazeti ya kuhakikisha kwamba wanawake wengine hawafanyi vivyo hivyo.

Kuna upande mwingine ambao wakoloni waliuogopa zaidi, nao ni wa wale ambao hawakutaka kurudi. Benjamin Franklin aliligusa jambo hilo katika barua yake ya Mei 1753 kwa rafiki yake Peter Collinson: aliona kwamba Wazungu waliotekwa na kuishi kwa muda na Wahindi, hata wakikombolewa na kutunzwa kwa upole wote, walichoka upesi na maisha ya Kizungu na kukimbilia tena msituni. Mwaka 1764 Kanali Henry Bouquet alipowalazimisha Washawnee na Wadelaware warudishe mateka wote, zaidi ya watu 200 waliletwa, na taarifa iliyochapishwa mwaka uliofuata inakiri kwamba baadhi yao ilibidi wafungwe kamba ndipo waje, na kwamba wanawake kadhaa walitoroka baadaye na kurudi kwa familia zao za Kihindi. Mary Jemison, aliyetekwa Pennsylvania akiwa msichana katika vita hivyohivyo, alikataa kurudi kabisa. Aliolewa mara mbili, akazaa, akazeeka kama Mseneca, yaani mtu wa kabila jingine la wenyeji, na mwaka 1797 alipata ardhi yake katika mkataba wa Big Tree. Naye alitembea safari ndefu yenye mtoto mgongoni. Safari yake ilikwenda upande usiofaa kwa sanamu, angalau kwa muda mrefu.

Bettie Draper alikombolewa mwaka 1761, baada ya miaka sita. Thomas alichelewa zaidi, na habari yake ndiyo ningeiweka mwanzo wa kitabu kama ningekiandika. William alimtuma mtu aliyewahi kuwa mateka na aliyejua lugha, mtu huyo akalipa fidia, akaanza safari ya kurudi na kijana, na njiani usiku kijana akamponyoka akarudi kwa mama yake wa Kishawnee. Ndiyo: alitoroka. Mwaka 1768 William alikwenda mwenyewe, akalipa tena, akamrudisha mtoto wa miaka 17 asiyejua Kiingereza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alikuwa amelelewa miaka 13 na watu wengine, wakampenda. Familia inaeleza kwamba alikuwa akichukua upinde wake na kutoweka msituni kwa siku kadhaa, na kwamba mama yake alikaa naye kwa subira nyingi. Walimpeleka kwa Dk. Thomas Walker katika wilaya ya Albemarle, Virginia, akasome. Alijifunza kusoma na kuandika, kwa kiasi.

Hakuna aliyeandika Thomas alimwambia nini Mary katika miezi ile ya mwanzo, wala kwa lugha gani. Mama alikuwa amekaa na Washawnee miezi michache. Mwana alikuwa Mshawnee. Inawezekana maneno machache aliyoyabeba kutoka kwenye mitambo ya chumvi ndiyo yaliyokuwa daraja lao la kwanza.

Wakati huo familia ilikuwa imekwisha kurudi magharibi. Tangu mwaka 1762 William alikuwa na kibali cha kuendesha kivuko katika New River, mahali panapoitwa mpaka leo Ingles Ferry, karibu na Radford. Mto ambao Mary aliuvuka katika mtumbwi uliojaa majani akimkimbia mwenzake ukawa riziki ya nyumba yake: maelfu ya walowezi walilipa nauli hapo wakielekea Kentucky, katika nchi ya uwindaji ya watu waliomlea mwanawe.

Thomas alioa mwaka 1775 na kuendelea kuhamia mbele zaidi ya kila makazi, hadi bonde la upweke liitwalo Burke's Garden. Mwaka 1782 kundi la Washawnee lilifika nyumbani kwake akiwa shambani, likamchukua mkewe Eleanor na watoto wao watatu. Alikusanya majirani akawafuatia siku kadhaa, na walipowakaribia, wawili kati ya watoto wakauawa; Eleanor alipigwa kishoka kichwani akapona. Baada ya hapo Thomas alihama tena, Tennessee, kisha kusini zaidi kuelekea Mississippi. Mama yake alibaki kwenye nyumba iliyo juu ya kivuko hadi mwaka 1815, akafariki akiwa na umri wa miaka 83.